Mchoro wa kiti ubaki, ngazi ndizo ziondoke

Hapa katikati ya mji wa Goma kuna jengo moja, hatutalitaja jina juu kazi zetu bado zinatupeleka pale. Ku mlango wake kuna kibao cha bluu, na ndani ya kile kibao kuna mchoro mweupe wa mtu aliyekaa ku kiti cha magurudumu. Kibao ni kizuri, rangi bado mpya. Lakini mbele ya ule mlango kuna ngazi nne za sementi, na njia ingine ya kupitia haiko.

Tulikuwa pale asubuhi moja, tunangoja karatasi, wakati baba mmoja alifika na kinga yake ya mapine tatu, ile ya kuzungusha na mikono. Alikuwa mchimbaji wa koltani huko Masisi mpaka siku udongo wa shimo ulimwangukia mgongoni. Aliangalia kibao, akaangalia ngazi, kisha akacheka. Akatuambia: "Muone, banisha nichora pale juu. Sasa mutu wa kunipandisha ndiye anakosa." Motari wawili walimnyanyua, mmoja huku, mwingine huku, na kisha akawapa kila mmoja feza ya fanta. Kinga ilibaki inje, na muda wote aliokuwa ku gishe alikuwa anageuka kuangalia kama haijaibiwa.

Tangu siku ile sisi wa ukurasa huu tunabishana. Kumbe huko ng'ambo pia wanabishana, tena zaidi ya miaka kumi sasa, juu ya mchoro huo huo: je, ubadilishwe? Wengine wanasema umezeeka, unawadharau watu. Wengine wanasema uachwe. Tukaona ni vizuri tuseme neno letu, juu mu familia za wachimbaji hakuna hata moja isiyokuwa na mtu wake aliyetoka shimoni akiwa amepungukiwa na kitu.

Tuanze na mahali mchoro ulitoka. Uliwekwa ku karatasi mwaka 1968 na mwanafunzi wa kike wa Denmark, Susanne Koefoed. Ule wa kwanza ulikuwa kiti tu. Hakukuwa na kichwa, hakukuwa na mtu. Kisha Karl Montan, mmoja wa wakubwa wa shirika la Rehabilitation International, akaongeza duara pale juu, duara likawa kichwa, na kiti kikapata mwenyewe. Mwaka 1969, mu mkutano wa Dublin, shirika hilo likaukubali, na kutoka pale ukatembea dunia nzima: hospitali, viwanja vya ndege, vyoo, mahali pa kuegesha magari. Shirika la ISO, lile linalopanga vipimo vya mataifa, likauweka mu orodha yake, na mpaka leo uko mule. Muweke ile habari ya kiti kitupu ku akili, tutairudilia.

Karibu mwaka 2010, huko Marekani, Sara Hendren na Brian Glenney walianza kubandika mchoro mwingine juu ya vibao vya zamani mu mji wa Boston. Walisema mtu wa zamani amekauka kama kiti chenyewe, anangoja wengine wamsukume. Wa kwao anainama mbele, mikono iko nyuma, anajisukuma mwenyewe, utasema yuko mu mashindano. Mwaka 2014 jimbo la New York likauchukua kwa sheria, na likaondoa pia ku vibao neno la Kiingereza la kusema "kilema", likaweka neno la kusema mahali panafikika. Mwaka 2015 ofisi ya barabara kuu ya serikali ya Marekani ikakataa kuutumia ku vibao vya barabarani. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa nao ukatoa mchoro wake: mtu ndani ya duara, mikono wazi, kiti hakiko kabisa. Tulimwonyesha mama mmoja anayeuza ndizi huo wa Umoja wa Mataifa tukamwuliza unasema nini. Akasema: "Ni mutu anasali."

Tuseme ukweli, sababu za wale wanaotaka kubadilisha si za kijinga. Namna watu wanakuchora ndiyo namna watakupokea. Hapa kwetu mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, jina la "kilema" linamfika mbele ya jina la ubatizo. Mzee akipita na magongo, mtu anatia mkono mfukoni kabla ya kumwamkia, anafikiri amekuja kuomba. Basi mchoro unaoonyesha mtu anafanya kazi, anaenda mbele, una maana yake.

Lakini kama ni kuchora mtu anayefanya kazi, Goma haikungoja Boston. Kila aliyepita ku Petite Barrière, pale tunavuka kwenda Gisenyi, anawajua watu wa trisikle. Kwa miaka mingi watu wenye miguu isiyotembea wamebebesha zile kinga za mapine tatu mifuko ya unga, maharagwe, bidoni za mafuta, mzigo mpaka mwenyewe haonekani, na kijana mmoja au wawili wanasukuma kutoka nyuma. Dwani iliwaachilia kidogo, na wao wakageuza ile huruma kuwa biashara, wakasomesha watoto. Kinshasa ndiyo usiseme: Staff Benda Bilili walipiga muziki juu ya trisikle zao, sahani yao ikatoka 2009, filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes 2010. Kama tungetafuta mchoro wetu wa kweli, ungekuwa ule: mapine tatu, mzigo, na mtu wa nyuma.

Huyo mtu wa nyuma ndiye anatufanya tusitulie mbele ya mchoro wa Boston. Ule unaonyesha mtu peke yake, mwenye nguvu za mikono, ku sakafu laini. Goma sakafu laini iko wapi? Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji, na moto ulipopoa tukajenga juu yake. Mu kartie nyingi mtu akitoka ku mlango wa nyumba anakanyaga mawe meusi yenye meno. Hata chukudu, yenye imetengenezwa juu ya barabara za huku, inaruka ruka. Pale kiti cha kisasa chenye mapine membamba kinakwama kwa hatua ya pili. Na mchimbaji aliyevunjika mgongo juu kabisa, mikono nayo imelegea, yeye hawezi kujisukuma hata ku sakafu ya benki. Akiona mchoro wa mtu anayekimbia na kiti atafikiri ni cha wachezaji. Watu wengi wenye ulemavu huko Marekani wenyewe walisema neno hilo.

Sasa tufike ku kidonda chenyewe.

Ndugu zetu wachimbaji, munajua kuliko sisi shimo linachukua nini. Mara chache linapeleka mtu mpaka ku kiti. Mara nyingi linachukua vidole viwili chini ya jiwe. Linachukua jicho, juu nyundo imepiga burini na kipande cha jiwe kimeruka. Linachukua masikio polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka bibi anaona kwamba ili bwana asikie ni lazima amguse bega. Linachukua mapafu, kwa ule vumbi mweupe ambao unatema asubuhi na unasema ni mafua. Na mama wanaotwanga mawe kando ya shimo, vumbi ni ule ule, na watoto mgongoni wanaunusa. Wengine walikatwa mguu, wakapelekwa hospitali ya CBCA Ndosho au HEAL Africa, kisha Shirika la Umoja likawapa mguu wa bandia. Wakivaa pantalo, hakuna anayejua.

Hao wote wakifika mahali penye kibao cha kiti, kibao hakiwaoni. Mama mmoja wa Ndosho alituambia namna alimpeleka bwana yake, mchimbaji wa zamani wa Bisie, ku ofisi moja. Yule baba alibeba mifuko ya kasiteriti ya kilo 50 mu pori mpaka barabarani wakati Bisie ilikuwa bado ya wachimbaji wa mikono. Leo hawezi kusimama dakika kumi bila kukosa pumzi. Mbele ya gishe kulikuwa na kiti kirefu na ule mchoro ukutani. Akakaa. Mlinzi akaja: "Papa, toka pale. Hii ni ya bilema. Weye hauna kiti, hauna magongo." Bibi akaeleza. Mlinzi akajibu kwamba kila mtu anaweza kukohoa. Yule baba akasimama, na kisha saa moja wakarudi nyumbani bila karatasi.

Hiyo ndiyo sababu nzito zaidi ya kubadilisha mchoro tuliyoisikia, na haikutoka Boston. Mmoja wetu alisema: basi kiti kiondoke, juu kinawafungia mlango wengi kuliko wale kinawafungulia. Tulikaa na neno hilo siku nyingi. Mwishoni tukaona kosa haliko mu mchoro. Liko mu namna mlinzi anausoma.

Yeye anausoma kama picha ya mtu: aliyefanana na hii apite, asiyefanana atoke. Lakini tukumbuke ule mchoro wa kwanza, kiti bila kichwa. Haukuwa unasema mtu ni nani. Ulikuwa unasema mahali pako namna gani: hapa magurudumu yanapita. Ninyi munajua kusoma alama za namna hiyo. Fuvu la kichwa ku kibao chekundu kando ya njia halionyeshi nani alikufa. Linasema hapa usikanyage, kuna mabomu chini ya udongo. Wakati wajumbe wa wizara ya madini walipanga mashimo kwa rangi, kijani, manjano na nyekundu, ile kijani haikuwa sifa ya PDG wa shimo wala ya wachimbaji wake. Ilikuwa inasema hali ya mahali: watu wa bunduki hawako, watoto hawachimbi, mawe yanaweza kuuzwa.

Tukiusoma namna hiyo, kiti ni mchoro mzuri, tena ni mzuri juu ya kiti chenyewe. Pale magurudumu yanapita, magongo yanapita. Mama mwenye mimba anapita, mzee anapita, mwenye mguu wa bandia anapita, mwenye pumzi fupi anapanda polepole bila ngazi ya kumkata. Kiti ndicho kinadai nafasi kubwa zaidi mlangoni; mlango uliopanuliwa kwa ajili yake umepanuliwa kwa wote. Tena mchoro huu mtoto wa Nairobi anaujua, wa Paris anaujua, na mu Goma tulikuwa tumeanza tu kuuzoea. Tukiwaletea mwingine leo, tutatumia miaka ingine ishirini kuwafundisha walinzi.

Kwa wale ambao tatizo lao si mlango, michoro mingine iko tayari, haihitaji kubuniwa: sikio lenye mstari, mtu mwenye fimbo nyeupe. Iwekwe kando ya kiti, lakini iwekwe pale tu ambapo kuna mtu anayejua lugha ya alama, au kuna mtu wa kumshika asiyeona mkono. Kwa ugonjwa usioonekana, uwanja wa ndege wa Gatwick, karibu na London, ulianza mwaka 2016 kutoa utepe wa kijani wenye maua ya alizeti. Ukiuvaa shingoni, wafanyakazi wanaelewa bila kukuuliza. Wazo ni zuri. Lakini tuonane uso kwa uso: hapa kwetu ule utepe ungekuwa unauzwa Birere mbele ya wiki kwisha, na wa kwanza kuuvaa ku Petite Barrière wangekuwa vijana wazima wanaotaka kupita haraka na mzigo. Kwa mwenye mapafu yaliyokwisha, mchoro hautasaidia sana. Kinachohitajika ni viti vya kutosha kwa kila anayengoja, na mlinzi aliyeambiwa na mkubwa wake kwamba mtu akisema amechoka, amechoka.

Sheria iko, tusidanganyane. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 49, inasema wazee na watu wanaoishi na ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia mu mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki zao. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya ogani namba 22/003 yenye kulinda na kuendeleza haki hizo. Karatasi hazikosekani. Zinalala mu majengo ambayo wenyewe hawawezi kupanda.

Kwa hiyo ubishi wetu na wale wa Boston ni mdogo; ubishi wetu mkubwa ni na wanaobandika kibao na kuacha ngazi. Ninyi munajua hadithi ya etiketi. Mufuko ukifungwa etiketi, dunia inaamini kwamba mawe yake yalitoka mu shimo safi. Lakini munajua pia kwamba etiketi inaweza kufungwa ku mufuko uliotoka mahali pengine usiku. Tangu siku watu wa inje walisikia hivyo, wanatilia mashaka hata mufuko wa mtu mwaminifu. Kibao cha bluu juu ya ngazi ni etiketi ya namna hiyo. Mtu ametoka Sake au Minova, amelipa gari, amelipa mtu wa kumsindikiza, juu aliambiwa ile ofisi ina kibao. Akifika anakuta ngazi nne. Afadhali ukuta mtupu, angejua mapema kwamba anahitaji motari wawili.

Tungependa basi kibao kisitangulie mteremko. Hakuna kubandika kabla mtu mwenye kiti hajapanda mwenyewe na kushuka mwenyewe, mbele ya mkubwa wa ofisi. Na mteremko uwe wa kweli. Kipimo kinachotumiwa mu nchi nyingi ni hiki: kila sentimeta moja ya kupanda inataka sentimeta kumi na mbili za urefu. Ngazi nne za sentimeta 15 ni sentimeta 60. Inataka mteremko wa zaidi ya meta 7. Tumeona mafundi wanamwaga sementi ya meta moja na nusu juu ya ngazi tatu, wanasema kazi imekwisha. Pale mtu anaanguka kichogo. Kama kiwanja ni kidogo, mteremko ukunje kona, au ofisi ishushe gishe moja chini, hiyo haiombi hata mufuko wa sementi.

Tusiweke yote ku Leta. Nyumba za kununua madini nazo zina ngazi, na mzani uko pale juu. Mchimbaji aliyepoteza mguu anamtuma mtoto wake na mawe, mtoto anapewa bei ya mtoto. Koperative zinakata feza ku kila kilo, na tunauliza kwa heshima: ni ngapi zimetengeneza mlango mmoja kwa mwanachama aliyevunjika mu shimo lao? Makanisa yetu yana ngazi kubwa kuliko ofisi zote. Na parsela zetu wenyewe, zimezungushiwa mawe ya volkano, na kizingiti kimeinuliwa juu ya maji ya mvua, kwa hiyo papa anaingia nyumbani mwake amebebwa kama gunia. Bibi ndiye anambeba. Mgongo wa yule mama nao siku moja utaomba mchoro.

Yule baba wa trisikle tulimwona tena kisha wiki tatu, ku jengo lile lile. Hakuwa amengoja wakubwa. Alikuwa ameongea na fundi wa chukudu, naye akamtengenezea mbao mbili nene za mikaratusi zenye kulazwa juu ya ngazi, na mlinzi alikubali kuziweka nyuma ya mlango. Anazitoa saa mbili asubuhi, anazirudisha ndani saa kumi, juu anaogopa watazigeuza makaa. Mteremko ni mkali mno, hauna hata nusu ya kipimo tulichowaandikia hapa. Anapanda akiwa ameshika ukuta, na siku hizi anahitaji motari mmoja, si wawili.